Shuka Tulilogawana

Siku shuka lilipokatwa tulikuwa watu sita chumbani kwa Mama Wahu. Mama Wahu mwenyewe, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa ploti yetu, alikuwa amekaa kitandani na makasi makubwa mapajani. Mama Gathoni, mke wa mwenye bucha, alikalia kiti cha pekee kilichokuwa na mto. Zuhura, aliyekuwa amehamia kwetu kutoka mtaa wa Majengo na aliyeuza viungo sokoni, alisimama mlangoni kama mtu ambaye hajaamua kuingia. Cucu Nyawira, bibi yetu, mzee kuliko wote, alikuwa sakafuni juu ya gunia, miguu ameinyoosha. Mdogo wangu Nyambura aligawa chai. Na mimi, Wairimu, nilikaa nyuma ya cherehani niliyokuja nayo. Nyandeng, aliyetuzawadia lile shuka, hakuwepo. Alikuwa chumbani kwake kwenye safu ileile, akipika, na harufu ya vitunguu vyake ilitufikia tukiwa tunakata.

Nimewataja wote kwa sababu tumebaki wachache, na kwa sababu mwaka huu, mvua kubwa ilipoanza, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha huku kwetu kabisa, ikaniuliza: "Auntie Wairimu? Mimi ni Achol, wa Nyandeng. Bado unanikumbuka?" Nilimkumbuka akiwa mtoto wa miaka mitano hivi, akifukuza kuku wa ploti na kuwatukana kwa lugha tatu. Alikuwa amemtafuta Nyambura mtandaoni mpaka akampata. Aliniambia mama yake amefariki, amezikwa Juba, na kwamba mpaka mwisho alikuwa akiwasimulia wanawe habari za Nyeri. "Alikuwa anatuambia ile shuka waliwashonea iko kwa ukuta ya ukumbi ya kanisa. Ati ukiingia tu unaiona. Nataka kuja niione, auntie. Niwapigie ndugu zangu picha." Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na kifuniko cha sufuria kwa mwingine. Nikamwambia njoo, karibu sana. Kisha nikakaa chini, kwa maana shuka lile halijawahi kuning'inia kwenye ukuta wowote, na Nyandeng alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, vita vya kusini mwa Sudani vikiwa vimepamba moto. Mimi nilikuwa msichana wa karibu miaka ishirini, na nilikuwa nimekuja mjini Nyeri kutoka Endarasha na wadogo zangu wawili, Kariuki na Nyambura, baada ya wazazi wetu kufa wakifuatana. Shule niliiacha darasa la saba. Nilikuwa na cherehani ya mama, na ndiyo iliyotulisha. Tulikaa kwenye ploti ya vyumba vya mbao huko Kamakwa, mbao zenyewe nyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinua sauti. Akina mama wa ploti walikuwa na kikundi. Krismasi tulinunua mbuzi kwa pamoja na kumgawa mpaka kichwa na miguu, kila nyumba fungu lake, na Mama Wahu akisimama hapo na kisu kuhakikisha hakuna fungu lenye mfupa mwingi kuliko jingine. Aliyeletewa zawadi ya kikundi hakuiweka kwake. Mwaka uliotangulia kulikuwa na sufuria kubwa ya msaada iliyokaa kwa mwanamke mmoja miezi kadhaa, na ugomvi uliotokea ulimfanya ahame ploti. Baada ya hapo sheria ikawa moja: cha kikundi ni cha kila mtu, na kinagawanywa siku hiyohiyo.

Familia za Wasudani zililetwa na kanisa, zikapangiwa vyumba mjini huku zikingoja kupelekwa kambini Kakuma. Siku walipofika, kikundi chetu ndicho kilichowapikia kwenye ukumbi. Tulipika githeri madebe mawili, na Mama Wahu akaitia viazi na mboga kwa heshima ya wageni. Nyandeng alichukua sahani, akayatazama yale mahindi na maharagwe, akamuuliza Zuhura kwa Kiswahili chake alichojifunzia Loki, kule mpakani, "Hii mnapa ng'ombe?" Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoturudia maneno hayo, Mama Wahu akasema, "Mwambie ng'ombe ya huku inakula majani. Hii ni ya watu wako na nguvu." Nyandeng akala. Tangu siku hiyo kila akinikuta nimebandika githeri alipitisha kichwa mlangoni na kuuliza, "Wairimu, ng'ombe wako wameshiba?"

Alipewa chumba kilichopakana na changu. Alikuwa mwanamke mrefu, anayeinama kila mlango, na alikuwa na Achol peke yake. Mimi sikumuuliza habari za watoto wengine. Huku kwetu mtu aliyefiwa hachokozwi, na nilikuwa nimechoka mimi mwenyewe kuulizwa. Msimu wa baridi, Julai, niliugua nimonia. Nakumbuka dari ya mabati na sauti ya Kariuki akisema tumwite nani. Nyandeng hakuitwa. Aliingia, akanibeba kama mzigo wa kuni mpaka hospitali, na nilipotoka nikawakuta wadogo zangu wamekonda kidogo tu na wamejifunza kula bamia. Aliwapikia mikate myembamba ya maji kwenye kikaango cha Zuhura, ya unga wa ngano kwa kuwa mtama hakuupata. Alimsuka Nyambura nywele. Mimi alinilisha uji kwa kijiko, na nikigeuza uso ananishika kidevu. "Kula. Wewe mama wa hawa. Mama halali na njaa." Hakuna aliyekuwa ameniita mama wa hao kabla yake. Walikuwa wakiniita maskini.

Nikiwa bado kitandani ndipo nilipoanza kuwasikia wakitarizi. Wanawake wa Kisudani waliokuwa wametawanyika mjini walikuja kwake Jumamosi, wakaketi wakizunguka shuka jeupe la kitanda ambalo walikuwa wamelinunua kwa kuchanga. Uzi waliupata kwa kufumua sweta za mitumba. Achol na Nyambura walikuwa wakizivuta zile nyuzi na kuzizungusha kwenye vijiti, nyekundu, kijani, buluu. Kupitia mbao nilisikia vicheko, umbea na kikombe kikigongwa. Lakini mara kwa mara kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja alitaja neno moja, wengine wakalirudia taratibu, kisha kimya, kisha kazi ikaendelea. Sikujua lugha yao. Mimi ni fundi, nikadhani wanakubaliana rangi.

Shuka lilipomalizika, walilileta ukumbini Jumapili mchana. Waliliita milaya, na Nyandeng alisema kwao hutarizi namna hiyo kwa ajili ya harusi na kwa wageni wakubwa. Katikati palikuwa na mlima wetu wenye vilele vyake, chini yake mto mpana ambao alisema ni wa kwao, na wanawake wawili wameshikana mikono, mmoja mrefu, mmoja mfupi mnene. Kila mtu alisema yule mnene ni Mama Wahu, na Mama Wahu hakukataa. Pembeni kote walikuwepo ndege, korongo wenye shingo ndefu, wengi, kila mmoja na rangi zake, hakuna wawili waliofanana. Na maandishi: Sudani na Kenya ni ndugu. Nyandeng alisimama kusema machache. "Mlitupa chakula, mlitupa blanketi," alisema. "Sisi hatuna kitu. Tumewapa hii. Wekeni hapa, ndani ya ukumbi, watu wakiingia wajue tulipita." Alikuwa na zaidi ya kusema, nilimwona akivuta pumzi. Lakini mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, sauti zikapotea, na akina mama wakaanza kupiga makofi na kubeba birika za chai.

Ukuta wa ukumbi ulikuwa umetoka kupakwa rangi. Mzee aliyekuwa akishughulikia jengo alisema hataki kusikia habari ya misumari mpaka mwaka uishe. Basi Mama Wahu akalikunja shuka akaja nalo nyumbani, na jioni ileile akatuita.

"Sasa hii tutaifanya aje?" aliuliza.

"Si ikae kwako tu," akasema Cucu Nyawira.

"Ikae kwangu halafu kesho niitwe mwizi? Mnakumbuka sufuria?"

"Hiyo sufuria ilitusumbua, kusema ukweli," Mama Gathoni akasema. "Kila mtu apate yake. Mimi nataka hapo penye imeandikwa Kenya."

Zuhura akasema kutoka mlangoni, "Nyinyi mtamkata hata bibi harusi. Hilo ni shuka, jamani. Mgeni kakupa shuka."

"Zuhura, ukitaka yako iwe ndogo sema."

Watu wakacheka. Na hapo ndipo Mama Wahu aliponitazama, macho yake yakalainika. "Hawa watoto hawana mama," alisema. "Wapate mlima. Hiyo ndio kubwa." Wote wakaitikia kwamba ni haki. Nilisema asante. Nilisema asante kwa sauti, na nilikuwa nimefurahi kweli, kwa maana katika kila mgao wa ploti fungu letu lilikuwa likipimwa kwa makini na siku hiyo tulikuwa tumezidishiwa. Mama Wahu akapiga makasi katikati ya nguo. Alikata vizuri, kwa mstari ulionyooka, vipande vitano, na mstari huo ulionyooka ulipita juu ya ndege waliokuwa njiani. Mimi nikapinda pindo za vipande vyote kwa cherehani ya mama yangu, na kila mmoja akasema, Wairimu, mkono wako ni safi. Hapakuwa na mtu mbaya ndani ya chumba kile. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi nikitafuta mbaya, na ningempata ningelala vizuri zaidi.

Kipande chetu nilikiweka juu ya redio, jinsi watu wa huku tunavyofunika kila kitu kwa kitambaa. Siku chache baadaye Nyandeng aliingia na bakuli la bamia la Kariuki. Alikuwa akisema jambo kuhusu chumvi. Hakulimaliza. Aliweka bakuli chini, akaenda kwenye redio, akashika ukingo wa kitambaa pale nilipopinda pindo. Pale palikuwa na nusu ya ndege, kichwa na shingo, wa kijani na nyekundu.

"Nani amekata?"

"Tuligawana," nikasema. "Ili kila mtu apate. Sisi tulipewa mlima."

"Mligawana," akasema. Alilisema neno hilo kama anayeonja chakula cha mtu mwingine. Alipitisha kidole shingoni mwa yule ndege. "Huyu Deng. Huyu mtoto wangu wa kwanza. Alibaki njiani, kabla ya Loki." Akaonyesha mwingine. "Huyu mume wa Adut, yule wa kutarizi Jumamosi. Huyu mama ya Adut." Ndipo nilipofahamu nilichokuwa nikikisikia kupitia mbao. Kila walipoanza ndege walikuwa wakitaja jina.

Nilitaka kutoka mbio niwaite wote pale pale. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponishika mkono. "Usiwaambie," alisema. "Hawa wamama walinipokea. Wakijua, hawatanitazama tena usoni. Mimi nataka watu wa kunitazama usoni." Nikamwambia nitafumua, nitaunga. Akatikisa kichwa. Kisha, na hili ndilo ninalolisikia mpaka leo nikiwa peke yangu kwenye cherehani, akachukua lile bakuli la bamia akanipa mkononi, akasema, "Mwite Kariuki ale, inapoa."

Kabla ya Krismasi walipelekwa Kakuma. Asubuhi ya kuondoka Mama Wahu alimkumbatia Nyandeng mbele ya lori akilia, akamwambia, "Kitambaa yako iko kwa meza yangu, kila mgeni naonyesha." Nyandeng alimtazama usoni akamjibu, "Asante, dada." Hakunitazama mimi. Nadhani aliogopa nitaangusha machozi na kumharibia.

Basi Achol alipopiga simu, nilianza kuvikusanya. Wenyewe tulishatawanyika zamani. Zuhura alirudi Majengo, na cha kwake alikitoa ndani ya mfuko wa nailoni, hakijawahi kutumika. "Sikuweza kukiwekea kitu juu," alisema. "Sikujua kwa nini, moyo ulikataa tu." Cha Cucu Nyawira nilikipata kwa mjukuu wake huko Mwea, kimefunika runinga, kimefifia kama maji ya mchele. Mama Wahu, ambaye sasa ni mkongwe na amerudi kuishi Endarasha na mwanawe, alikifua cha kwake kabla ya kunipa, akakipiga pasi. Nilimwambia Nyandeng amefariki na tunataka kuunga vipande kwa ukumbusho. Alilia, kisha akacheka, "Tuunge tena? Si basi tulikata ya nini!" Akanisogezea kikombe. "Unajua, Wairimu, kwa hii maisha yangu yote, ile mwaka ndio nilifanya kitu ya maana." Nilikunywa chai yake mpaka ikaisha.

Cha Mama Gathoni kilikuwa Kutus, kwa mkazamwana wake, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kufa. Yule mwanamke alitoka nje akifuta mikono. "Ile kitambaa ya maua? Ilizeeka. Mzee wangu alikuwa anapangusia pikipiki mpaka ikaisha." Aliona uso wangu. "Kwani ilikuwa ya pesa mingi?" Nikamwambia hapana. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kimepakana na changu. Ndicho kilichokuwa na mwili na mabawa ya Deng.

Achol alikuja Jumamosi. Aliinama mlangoni kwangu jinsi mama yake alivyokuwa akiinama. Nilikuwa nimefumua pindo zote za vipande vinne. Ndani ya mikunjo, pale jua na sabuni havikufika, rangi zilikuwa mbichi kabisa, mstari mwembamba wa kijani na nyekundu kama jana. Nilivipanga juu ya kitanda changu, nikaacha nafasi ya kilichokosekana. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini nilichosema ni, "Haikuwekwa ukutani. Tuliikata tukagawana. Mama yako alijua." Nikamweleza yote, mpaka Kutus, mpaka pikipiki.

Achol alikaa ukingoni mwa kitanda. Akagusa ile shingo. "Ni huyu?"

"Ndiye."

"Mimi simkumbuki hata sura," akasema. "Nilikuwa mgongoni mwa mama." Nikamwambia avichukue vyote avipeleke Juba, ni haki yao. Akakataa. "Auntie, miaka hii yote mama alituambia iko kwa ukuta Nyeri. Mimi siwezi kurudi niwaambie ndugu zangu mama alikuwa anadanganya. Iweke kwa ukuta. Iweke hivyo tu ilivyo, na hiyo shimo. Halafu isiwe tena uongo." Alisema watakuja pamoja, yeye na ndugu zake waliozaliwa kambini, na siku hiyo watasimama mbele ya watu wasome majina ya ndege wote, mmoja mmoja. Majina wanayo. Mama yao aliwafundisha kama watoto wengine wanavyofundishwa sala.

Sikuwa na haki ya kusema hapana. Ukumbi umekubali, siku hizi anayeusimamia ni kijana na hakusema lolote kuhusu misumari. Vipande nimeviunga, nimeacha pengo wazi, na nimelikunja shuka ndani ya karatasi likingoja. Achol amenipa ruhusa ya kusema yale ambayo mama yake alinikataza, na kuna mtu mmoja tu ambaye lazima ayasikie kabla ya siku hiyo, ayasikie kwa mdomo wangu, faraghani, wala si kutoka mbele ya umati huku ameketi na nguo yake ya kanisa. Nimekwenda Endarasha kwa Mama Wahu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na baridi ya mifupa nikasema nitarudi. Mara ya pili alikuwa mzima. Alinipikia githeri, akaniuliza kama watu wa Juba wanaikula siku hizi, akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenishika mkono kwa nguvu zake zote, akanisihi nisisahau kumwekea kiti cha mbele.